Simu Yake Haioni Picha

Mosocho, 6 Aprili 2025

Mama Cynthia, wifi yangu,

Sabato ilipita salama? Mimi niko, vifaranga wako, na stima inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mashine yangu ya kuangulia imejaa mayai ya watu, na kila stima ikipotea nakaa kando yake na chupa za maji ya moto kama mkunga.

Lakini sikuandikii habari za kuku. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu wa ukoo huu anayenipigia simu tena. Kaka yetu Mogaka, ambaye kuandika sentensi moja kunamchosha kuliko kulima shamba zima, siku hizi ananitumia ujumbe: "Tuko sawa. Mungu ni mwema." Ndugu yetu Sharon vilevile. Mumeo Duncan, niliyezoea kumsikia kila Ijumaa jua likizama akinitakia Sabato njema, ameandika kwamba koo linamuuma. Koo gani hilo, tangu Februari?

Ninyi mnaoona mnadhani simu ni kitu cha kutazama. Kwangu mimi simu ni koo la mtu. Mtu akisema "niko sawa", nasikia kama amekaa au amelala, kama amekula, kama kuna mwingine kando yake anayemkonyeza. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wakininyima sauti zao wote kwa pamoja, wakaniachia huyu bibi wa ndani ya simu anisomee maandishi yao, siwezi kusema ni bahati mbaya tu.

Najua kaka yangu ana presha. Najua presha iliharibu figo, na mnampeleka Kisii kusafishwa damu kwa mashine. Mliniambia ni kwa muda, mpaka figo ziamke. Zimeamka? Nataka kujua hilo tu. Duncan anapona au haponi?

Wako,
Tryphosa


Keroka, 9 Aprili 2025

Wifi mpendwa,

Bwakire. Nimefurahi sana kupata barua yako. Pole na stima, hata huku ni hivyo hivyo.

Duncan yuko vizuri kabisa. Anakula, analala, juzi aliuliza kama yule jogoo wako mkorofi bado yuko. Mashine ni mara mbili kwa wiki kama kawaida na daktari ameridhika. Koo ni hii baridi ya Keroka, unaijua. Dukani nguo za watoto zinatoka, za wakubwa zinanitazama tu. Cynthia anakusalimu.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Wifi yako,
Edinah


Keroka, 9 Aprili 2025

Shemeji Mogaka,

Leo asubuhi nimemdanganya dada yako, tena kwa maandishi, ili dhambi yangu iwe na ushahidi.

Hali si nzuri. Ule mshipa waliomtengenezea mkononi umeziba tena, sasa wamempitishia mpira shingoni. Jumatatu maji yalipanda kifuani akashindwa kupumua, tukamkalisha kitini tangu asubuhi mpaka zamu yake ya mashine ikafika. Ndiyo sababu hawezi kumpigia Tryphosa. Akisema maneno mawili anahema, na yule atasikia kabla hajafika la pili.

Daktari amerudia lile la Februari. Figo za Duncan hazitaamka. Anahitaji figo ya ndugu, na anaihitaji mwili wake ukiwa bado na nguvu za kupasuliwa. Damu yangu ilikataa. Wewe wamekuta una sukari. Sharon ana mimba. Mama umri umepita. Daktari akaniuliza, "Hakuna mwingine wa tumbo moja?" Nilitazama dirisha nikasema hakuna.

Nauliza tena, kwa heshima: tumwambie Tryphosa? Kama jibu ni lile lile, basi tuendelee na vikatuni vya simu kwenye kundi la familia kama tulivyokubaliana, asije akajua.

Shemeji yako,
Edinah


Nyamira, 10 Aprili 2025

Shemeji Edinah,

Nimesoma yako nikiwa kwenye foleni ya kupima majani chai, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Jibu ni hapana. Tena si langu, ni la Mama, nawe ulikuwepo. Aliweka mkono juu ya Biblia akasema, "Surua ilichukua macho ya mtoto huyu akiwa mikononi mwangu. Hakuna kisu kitakachochukua kingine." Ukimwambia Tryphosa atakubali kabla hujamaliza kusema. Halafu? Mtu asiyeona, anaishi peke yake Mosocho, abaki na figo moja. Akiugua yeye nani atamtazama? Na watu wa hapa unawajua. Watasema tumemchinja kipofu ili mzima aishi. Duncan mwenyewe amesema hataki kusikia jina lake likitajwa.

Kuhusu vikatuni, wazo lilikuwa lako na nakupongeza. Maharagwe badala ya figo: umbo ni lile lile, hata mtoto angejua. Tena usiogope. Simu yake haioni picha. Mwaka jana nilimtumia picha ya ng'ombe wangu mpya, akanijibu, "Kaka, simu imesema 'picha' ikanyamaza. Ni ng'ombe au umeoa tena?" Sasa kama haikumwona ng'ombe mzima wa gredi, itaonaje haragwe?

Tuombe.

Mogaka


Mosocho, 27 Aprili 2025

Mama Cynthia,

Duncan "yuko vizuri kabisa". Asante kwa taarifa.

Sasa nami nikupe taarifa, kuhusu simu yangu. Mtu akinitumia picha ya kamera, kweli bibi wa simu husema "picha" na kufunga mdomo. Lakini vikatuni mnavyobandika kwenye ujumbe, hizo emoji, si picha. Ni herufi kama A na B. Kila kimoja kimezaliwa na jina lake, na bibi hulisoma jina hilo kwa sauti ile ile anayosomea Zaburi na bei ya chakula cha kuku. Hacheki, halii. Mke wa Ombui wa kwaya hupenda kuanza na rundo la mikono ya maombi, naye bibi hana njia ya mkato: "Mikono iliyokunjwa, ngozi nyeusi kiasi. Mikono iliyokunjwa, ngozi nyeusi kiasi." Akifika kwenye neno la kwanza la maana, mimi nimeshawapa vifaranga maji na kurudi.

Kwa hiyo tangu Februari nimekaa kwenye kundi la familia, sikio moja lina waya, nikiwasikiliza.

Mogaka: "Sindano. Tone la damu. Maharagwe. Alama ya X. Uso unaolia kwa sauti."

Sharon: "Mwanamke mjamzito. Maharagwe. Alama ya X. Moyo uliovunjika."

Wewe: "Hospitali. Kitanda. Maharagwe. Alama ya kuuliza."

Na juzi, Mogaka: "Jeneza." Alilifuta papo hapo. Najua kwa sababu nilirudi nyuma kulitafuta na sikulikuta. Lakini bibi alikuwa ameshalitamka.

Hospitali nimeelewa. Damu nimeelewa. Nimekwama kwenye maharagwe, nikawaza kama mtu wa huku. Kwetu sufuria kubwa la mahindi na maharagwe hupikwa wapi? Kwenye matanga. Basi nikaona mnagawana mapishi ya msiba wa mtu aliye hai. Mogaka hana cha kutoa, Sharon hawezi kwa sababu ya mimba, wewe unauliza nani atatoa. Nimekaa na hilo kifuani, Edinah. Nimeuza vifaranga nalo. Nimecheka na wateja nalo.

Utauliza mbona sikusema. Kwa sababu watu wakidhani haupo, husema kweli. Tangu nikiwa na miaka sita nimekaa kwenye vyumba ambamo watu wananizungumzia juu ya kichwa changu, na nimejifunza mengi kwa kunyamaza. Lakini tangu hilo jeneza siwezi tena.

Kaka yangu yu hai? Nipigie niisikie sauti yako. Ukiogopa kupiga, andika ukweli. La sivyo keshokutwa nitakuwa Keroka, nami sitaishia sebuleni.

Tryphosa


Keroka, 28 Aprili 2025

Wifi,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Nimeshika simu nikupigie, nikalia kabla haijaita. Kwa hiyo naandika.

Maharagwe si chakula. Ni figo. Ni umbo lake tu, wifi. Haragwe moja ukilitazama limejikunja upande mmoja, na figo iko hivyo hivyo, ila ni kubwa kama ngumi. Anayeona huelewa bila kuambiwa. Kumbe simu yako inakupa jina bila umbo, na sisi tulikuwa tunasema umbo bila jina. Hatukuwaza matanga hata siku moja. Nisamehe kwa hilo.

Figo za Duncan zimekufa. Tunatafuta ndugu atakayempa moja. Mtu huishi na moja vizuri, daktari alitueleza kwa mchoro. Mimi nilikataliwa kwa aina ya damu, Mogaka kwa sukari, na ya Sharon umeisikia. Jeneza lilikuwa hasira ya Mogaka siku alipopima sukari tena akapata majibu yale yale, akaandika kisha akaona aibu.

Na umebaki wewe. Mama alikataa mkono ukiwa juu ya Biblia. Duncan akasema afadhali afe kuliko kukupasua. Nikaapa pamoja nao kwamba sitakuambia. Sasa umeuliza nami nimejibu, na kiapo changu kimefika mwisho.

Sikuombi kitu. Soma hapo tena, wifi: sikuombi.

Edinah


Mosocho, 19 Mei 2025

Mama Cynthia,

Umbo! Sasa mimi ningejuaje? Figo ya mbuzi kwetu huliwa na wachinjaji kabla nyama haijaona jikoni. Haijawahi kufika mkononi mwangu.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na safari zangu za Kisii mjini. Nilikwenda na jirani yangu Mong'ina, kwa sharti kwamba asimwambie mtu, na kwa Mong'ina hilo ni sawa na kufunga bila maji. Muuguzi alimgeukia yeye.

"Amekula leo?"

"Muulize mwenyewe," Mong'ina akasema. "Mdomo ni wake."

"Anaelewa amekuja kufanya nini?"

"Mama, huyu anaelewa mpaka vitu ambavyo hujavifikiria bado. Muulize."

Daktari naye akaja na ile sauti ya kuongea na watoto wa Shule ya Sabato. Akataka kujua kama familia imenilazimisha. Nikamwambia familia yangu imefanya kila iwezalo nisijue, na kama anatafuta mtu aliyelazimishwa aende akamtafute kwingine. Kisha akasema, polepole, kwamba kwa mtu wa hali yangu lazima wawe waangalifu zaidi. Nikamjibu, "Daktari, mwili huu uliwahi kupoteza kitu na hakuna aliyeniuliza. Hii ni mara ya kwanza naulizwa. Niache nijibu."

Basi nimejibu. Damu yangu ni aina ya Duncan. Figo zangu zote mbili ziko kazini. Kilichobaki ni kuchanganya damu yangu na yake waone kama zitapigana. Daktari wa Duncan atachukua yake siku ya mashine, bila kumwambia ni ya nini. Usimwambie nawe.

Sasa kuna jambo, na sitaki unijibu haraka.

Nimerudia kusikiliza yote mliyoandika tangu Februari. Mogaka anamwaga vikatuni kama mtu anayemwaga mchanga kutoka kwenye lori. Sharon anavichanganya na mioyo na maua, bibi wa simu anachoka mpaka namhurumia. Wewe hapana. Wewe unaandika kimoja, nafasi, kingine, nafasi. Kamwe hurudii. Kamwe huweki nyuso tatu mahali pa moja. Unaandika kama mtu anayemsomea mwingine imla.

Ulijua ninasikia?

Tryphosa


Keroka, 20 Mei 2025

Wifi Tryphosa,

Umesema nisijibu haraka. Nikichelewa nitatunga uongo mzuri, kwa hiyo najibu sasa.

Nilijua.

Mwaka jana Cynthia alichezea simu yangu, akawasha kile kifaa cha kusoma kwa sauti. Sikujua kukizima. Nikiwa dukani na wateja wamejaa, mke wa mchungaji akanitumia ujumbe, na simu ikapaza: "Uso wenye macho ya mioyo! Keki! Mwanamke anayecheza dansi!" Wateja wakacheka mpaka wengine wakaondoka na nguo bila kubishania bei. Ndipo nilipojua kwamba vinasomwa.

Februari, Mama alipotuapisha, nilikuwa nimetoka kumwosha mume wangu miguu iliyovimba mpaka kiatu hakiingii. Mogaka akasema tutafute njia ya kuongea usijue. Nikasema, tutumie vikatuni, simu yake haioni picha. Mdomo wangu ulisema hivyo, nami nilijua. Yeye akaongeza hadithi ya ng'ombe wake, wote wakaamini.

Sikuvunja kiapo. Sikukuambia. Nilikuwekea tu mahali ambapo utasikia, nikakaa nikisubiri uulize. Ulipoandika ile ya kwanza, ukauliza kama anapona, ningeweza kusema kweli siku ile. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka ufike mwenyewe, ili kesho mtu asiseme Edinah ndiye aliyemwomba. Na wakati mimi nalinda jina langu, wewe ulikuwa Mosocho unasikiliza jeneza.

Hapo ndipo nilipokukosea, si kwingine. Ukitaka kuacha, acha leo, sitamwambia mtu kwamba ulianza. Daktari anakubali mtu ajitoe hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na familia huambiwa tu kwamba vipimo vimekataa. Niliuliza.

Edinah


Keroka, 7 Julai 2025

Dada yangu Tryphosa,

Leo daktari amekuja akitabasamu. Akasema kuna ndugu amejitokeza, damu zetu zimewekwa pamoja na hazikupigana. Nikamuuliza ndugu gani, maana wangu wote nawajua na wote walishakataliwa. Akasema, "Dada yako wa Mosocho."

Nimemwambia hapana. Kama akikupigia, ujue ni mimi niliyekataa.

Usinione sina shukrani. Mimi ndiye niliyekushika mkono kwenda shule ya msingi. Nilikuwa nakuambia "shimo", "jiwe", "ng'ombe", na siku moja nilisahau kusema "waya" ukachanika shavu. Kovu lile bado liko. Ulipewa pungufu tangu mwanzo, nami sitakuwa mtu wa kupunguza tena. Ningekuwa na dada mwenye macho yake mawili, ningepokea na kushukuru. Kwako siwezi.

Mkono unachoka. Nimeandika hii kwa vipande vipande. Nisalimie Mong'ina.

Kaka yako,
Duncan


Mosocho, 9 Julai 2025

Kaka Duncan,

Nimesomewa barua yako na bibi wa simu, asiyejua kulia, na nashukuru kwamba ni yeye. Mtu mwingine angeisoma vizuri mno nikakubali.

Kwanza, habari ya Nyamira. Nilikwenda kwa Mama jana. Nilimkuta jikoni, na Mogaka alikuwepo, nilimjua kwa kile kikohozi chake cha kujitayarishia uongo.

"Mama," nikasema, "nimepimwa. Nampa Duncan figo."

Sufuria ilianguka. Mogaka akaanza, "Nani amekuambia mambo hayo?"

"Wewe, kaka. Sindano, tone la damu, maharagwe, alama ya X."

Ukimya wa Mogaka ni kitu adimu, ungefurahi kuusikia. Mama akauliza, "Maharagwe gani?" Ikabidi Mogaka amweleze mama yake mzazi, kwa heshima zote, kwamba tangu Februari amekuwa akijadili figo za ndugu zake kwa maharagwe mbele yangu, akidhani sipo.

Mama akaja akanishika uso. Mikono yake ilikuwa na majivu.

"Hicho kisu kitauma?"

"Kitauma, Mama."

"Basi sitaki."

"Si wewe utakayepasuliwa."

"Nilikuona ukilala na ile surua," akasema. "Nilikuona asubuhi ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yako. Usinipeleke tena kwenye asubuhi kama hiyo."

Nilimwambia tu kwamba yeye na wewe mna ugonjwa mmoja, wa kuniogopea. Akaniacha akaenda zake shambani, akachuma majani chai kwenye mvua. Sijui amefikia wapi.

Sasa zamu yako.

Mogaka alipimwa, akakutwa na sukari, mkamhurumia. Sharon aliulizwa, akasema ana mimba, mkaelewa. Edinah alitoa damu yake ikakataliwa. Kila mtu wa nyumba hii alipimwa au kuulizwa kwanza ndipo akaachwa. Mimi peke yangu niliachwa bila kupimwa wala kuulizwa. Mlitafuta katika familia nzima, mkahesabu mpaka mama mwenye miaka sabini, mkasema ndugu wameisha. Unajua inavyosikika hiyo ukiwa ndani ya kundi, sikio lina waya, unasikiliza watu wako wakikosa mtu na wewe umekaa hapo?

Kovu la waya silioni, kwa hiyo halinisumbui. Naona linakusumbua wewe. Lakini usiniletee shavu langu kama sababu ya kufa. Una haki ya kukataa figo. Ni mwili wako, na daktari ameniambia wazi kwamba huenda mwili ukaikataa hata ukikubali wewe. Ogopa hilo, ni halali. Huna haki ya kuikataa kwa sababu ya macho yangu. Figo yangu haijawahi kuona kitu, kama ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo tafuta sababu nyingine. Ukipata moja tu isiyotaja macho, niandikie, nami nitarudi kwa kuku wangu na sitasema neno mpaka tukuzike.

Na usimgombeze Edinah. Utasikia alivyofanya, atakuambia mwenyewe. Alinitega. Nilimkasirikia mpaka nikafunga simu wiki nzima, na bado haijaisha yote. Lakini katika ninyi wote, yeye tu ndiye aliyeandika kwa nafasi.

Dada yako,
Tryphosa


Keroka, 16 Julai 2025

Tryphosa,

Nimetafuta. Nilijaribu kuku wako: nani ataangalia mashine ukiwa umelazwa? Kabla sijamaliza kuandika, Mong'ina akampigia Edinah kusema funguo tayari ziko kwake na watu waache kuuliza. Nikajaribu kusema sisi ni watu wa imani, tungoje. Mzee wa kanisa, aliyekuja kuniombea, akaniuliza nangoja nini kingine. Nilimkasirikia.

Jumatatu maji yalipanda tena. Wakati nahema pale kitini nilisikia mtu akisema, "Mpeni dakika," na nikajua kwamba sitaki dakika, nataka miaka. Sikuwa nimejiambia hivyo tangu Februari. Niliona aibu, kisha sikuona.

Kilichobaki ni woga. Naogopa niamke mimi, nikuulizie, na watu watazamane. Nimeugeuza huku na huku, na hauna macho yako ndani yake, kwa hiyo ukitaka unaweza kuuhesabu kuwa sababu. Lakini uliomba sababu, na hii naona ni hofu tu.

Nimemwambia daktari ndiyo.

Tunakwenda Eldoret Jumapili, huko ndiko tutakakopasuliwa. Gari litakupitia Mosocho asubuhi. Mogaka anakuja nasi. Amenunua simu kama yako, anafunga macho na kujifunza kuitumia, na mpaka sasa amefanikiwa kumpigia mkuu wa polisi wa kituo chetu mara mbili. Edinah ameniambia yake yote. Jioni akaniletea chai, nikainywa.

Mama alifika jana na kikapu na blanketi. Edinah akamwonyesha alivyopanga: kiti kando ya kitanda changu, Mama mchana, Edinah usiku. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akalichukua lile blanketi akaliweka kwenye mzigo aliokuandalia Edinah.

"Huyu ana mke," akasema. "Mimi naenda kukaa na Tryphosa."

Kaka yako,
Duncan